London mpaka Athens ni mbali kiasi gani, na kwanini tiketi inaonyesha masaa sita kwenda na mawili kurudi

Dada mmoja anaishi Barking, mashariki ya London, kaniandikia hivi: "Kaka habari za kazi. Mimi na mwanangu wa miaka 9 tunaenda Athens mwezi ujao kumuona kaka yangu, ni baharia na meli yao itakuwa Piraeus, bandari ya pale Athens, siku tatu. Nimegoogle umbali nikachanganyikiwa, huku kilomita 2,391, kule 2,426, kwingine 3,200. Muda nao wengine wanasema masaa 2 na dakika 50, wengine matatu na kitu. Nikaangalia tiketi zenyewe sasa, kwenda inatoka Heathrow 08:10 inafika 13:55, karibu masaa sita! Kurudi Jumatatu inatoka 14:40 inafika 16:45, masaa mawili tu! Nani muongo hapa? Na kaka kaniachia voisi anasema atanisubiri geti la bandari saa nane, nitawahi? Na Jumatatu hiyo hiyo naingia shifti ya usiku saa mbili."

Dada salama kabisa, pole na kuchanganyikiwa. Nikupe jibu fupi kwanza maana najua una mambo mengi: hapo hakuna muongo hata mmoja, kila mtu kapima kitu chake tu. Kwenye ndege mtakaa masaa 3 na dakika 45 kwenda, na masaa 4 na dakika 5 kurudi, yaani kurudi ndo kurefu, kinyume kabisa na unavyoona kwenye tiketi. Saa nane kaka yako hutamkuta, au tuseme yeye hatakukuta wewe. Shifti unaweza kuiwahi ila kwa mbio, na mimi ningekuwa wewe ningebadilishana na mtu. Sasa tukae tulichambue moja moja, mimi hii kazi ya kupanga safari za ndege nimeifanya miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa dawati la kukata tiketi, kwahiyo maswali kama lako nayapenda sana kwa sababu ndo yale yale yanayowakosesha watu ndege.

Tuanze na kilomita. Hizo namba tatu zote ni sahihi. Ile 2,391 ni katikati ya jiji la London mpaka katikati ya jiji la Athens, mtu kachukua nukta mbili kwenye dunia akapiga hesabu. Ile 2,426 ni uwanja kwa uwanja, Heathrow mpaka uwanja wa Athens unaoitwa Eleftherios Venizelos, na imezidi kidogo kwa sababu Heathrow iko magharibi ya London na uwanja wa Athens uko mashariki ya Athens, kule Spata, kwahiyo viwanja vyenyewe vimekimbiana, kila kimoja kimeenda upande wake wa nje. London ina viwanja sita dada, Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend, ukibadilisha uwanja tu namba inabadilika. Na ile 3,200 ni ya gari. Mtu anayeendesha anaingiza gari kwenye treni ya kupita chini ya bahari mpaka Ufaransa, anakata Ulaya nzima, Ujerumani, Austria, anashuka Balkani huko Serbia na Makedonia Kaskazini mpaka Ugiriki, barabara inazunguka milima na inafuata madaraja, ndo maana imeongezeka kilomita karibu mia nane. Hiyo ni masaa zaidi ya thelathini ya kushika usukani bila kulala, achana nayo.

Kwahiyo ukiulizwa, sema kilomita elfu mbili na mia nne na kidogo, umemaliza.

Alafu kuna watu wanachukua ramani ya ukutani wanaweka rula wanasema njia ndo hii. Dunia sio meza. Ukitaka kuona njia fupi ya kweli chukua chungwa, choma vijiti viwili, vuta uzi kati yake mpaka ukaze, pale uzi ulipolala ndo njia yenyewe. Ukiuhamisha mstari huo kwenye ramani bapa unaonekana umepinda, watu wanafikiri rubani kapotea. Kwa safari yako tofauti ya rula na uzi haifiki hata kilomita kumi maana Ulaya ni ndogo, ila kwa mtu anayetoka London kwenda Tokyo hiyo tofauti ni kubwa mno. Na huo uzi wako wewe unapita kaskazini ya Ufaransa, unapanda milima ya Alps, unaingia Bahari ya Adriatic ukiambaa na pwani ya Croatia, Albania, alafu Ugiriki. Kama mtapata siti za dirishani na hakuna mawingu mwonyeshe mtoto ile Alps, theluji kwenye vilele hata wakati wa joto, ni kitu hatakisahau.

Ila ndege haipiti juu ya uzi. Inapita kwenye njia za angani zilizopangwa, na kwa Ulaya zinaratibiwa na Eurocontrol ambao makao yao ni Brussels, kila nchi inakupokea na kukukabidhi kwa jirani, pengine eneo fulani limefungwa kwa mazoezi ya jeshi, pengine kuna radi, pengine kuna msongamano juu ya Ujerumani. Kwahiyo 2,426 kwenye karatasi inakuwa elfu mbili mia tano na kitu kiuhalisia, na mwongoza ndege siku nyingine anakupa njia ya mkato unaokoa dakika tano. Ndo maana siku mbili tofauti ndege ile ile haichukui dakika zile zile.

Sasa muda, hapa ndo penyewe.

Ile masaa 2 na dakika 50 inatoka wapi? Ni hesabu ya shule ya msingi, umbali gawanya kwa mwendo. Ndege za saizi ya Airbus A320 au Boeing 737 ambazo ndo zinabeba watu wengi njia hii zinatembea kama kilomita 830 kwa saa zikishatulia juu. Gawa 2,426 kwa 830 unapata masaa mawili na dakika 55 hivi, mwingine katumia mwendo wa 860 akapata 2 na 50. Hesabu iko sawa ila ndege haizaliwi ikiwa angani na kilomita 830, inapanda kama dakika ishirini, na chini ya futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi mwendo wa noti (knots) 250, ambayo ni kilomita 463 kwa saa, na kushuka nako ni hivyo hivyo, inapunguza mwendo inapanga foleni. Ukiweka hayo yote muda wa kuwa angani kabisa, kutoka tairi linaachana na lami Heathrow mpaka linagusa lami Athens, unakuja kama masaa 3 na dakika 10 hadi 15 siku ya kawaida.

Na bado. Ndege ikitoka getini Heathrow inatambaa ardhini dakika kumi na tano, ishirini, uwanja ule una njia mbili tu za kurukia na ndege zimejipanga kama daladala Mbagala asubuhi. Ukifika Athens kuna dakika saba nane za kutambaa mpaka mnaposhukia. Muda unaoandikwa kwenye tiketi unahesabu vyote hivyo, sisi kazini tunauita bloku, unaanza breki zikiachiwa pale getini na unaisha ndege ikishasimama kabisa na matairi yamewekewa vizuizi, kama utingo anavyoweka jiwe nyuma ya tairi la lori mlimani. Hiyo bloku ndo masaa 3 na dakika 45 yako. Kwahiyo una watu watatu, mmoja kapima kwa kalkuleta, mmoja kapima angani, mmoja kapima geti kwa geti, wote wanakwambia "muda wa ndege". Ukiuliza muda wa ndege uliza pia umeanzia wapi umeishia wapi.

Haya, hiyo 3 na 45 imegeukaje karibu sita? Tiketi ya ndege popote duniani inaandika saa ya mahali husika. Kuondoka ni saa ya London, kufika ni saa ya Athens. Athens iko mbele masaa mawili. 08:10 mpaka 13:55 kwenye karatasi ni masaa 5 na dakika 45, toa mawili, 3 na dakika 45. Kurudi 14:40 mpaka 16:45 ni masaa mawili na dakika tano, ongeza mawili, 4 na dakika 5. Kwisha. Kanuni ya kushika ni hii tu, ukienda mashariki tiketi inavimba, ukienda magharibi inasinyaa, mwili wako wenyewe utakaa kwenye siti muda ule ule karibu.

Kwanini mawili? Kwa jua lenyewe ni moja na nusu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa kila saa, London iko pale pale kwenye mstari wa Greenwich, sifuri, na Athens iko kama nyuzi 23 na robo tatu mashariki, ambayo ni saa moja na dakika 35 za jua. Serikali hazifuati jua kwa dakika, zinachagua namba nzima, Ugiriki ikachagua mbili. Na nchi zote mbili zinasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa wakati mmoja, kwahiyo tofauti inabaki mbili mwaka mzima, hilo usiwe na wasiwasi nalo hata tarehe ikibadilika. Ambacho kinabadilika ni tofauti na nyumbani, sisi Afrika Mashariki hatusogezi saa. Wakati wa joto la Ulaya saa ya Athens na saa ya Mombasa au Tanga ni ile ile kabisa, wakati wa baridi Athens wako nyuma yetu saa moja. Kwahiyo kama ni kipindi cha joto na umechanganyikiwa ukiwa huko, pigia mtu nyumbani muulize saa ngapi, ndo saa yako hiyo.

Umeona sasa kurudi kumezidi dakika ishirini? Umbali ni ule ule, hakuna aliyesogeza Athens. Ni upepo. Huko juu kilomita tisa mpaka kumi na mbili kuna mkondo wa upepo unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki karibu mwaka mzima, na wakati wa baridi unakuwa mkali zaidi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili, majahazi yalikuwa yanasubiri kaskazi ije ndo yashuke kutoka Arabuni na yanasubiri kusi ndo yarudi, tofauti ni kwamba huu wa juu hauna zamu, ni upande mmoja tu, kwahiyo kila anayekwenda mashariki anasukumwa na kila anayerudi anapigwa usoni. Chukua upepo wa kawaida tu wa kilomita 70 kwa saa. Kwenda ndege inatembea 900 juu ya ardhi, masaa mawili na dakika 42. Kurudi inatembea 760, masaa matatu na dakika 12. Nusu saa nzima hiyo, injini ile ile mwendo ule ule. Njia yako haipiti sawasawa mashariki, inakata kusini mashariki, kwahiyo upepo hausukumi wote mgongoni, ndo maana tofauti kwenye ratiba ni ishirini badala ya thelathini.

Mkondo huo ukikasirika unafanya maajabu. Februari 2020 wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni sita na zaidi. Wengine waliokuwa wanaenda upande wa pili siku zile waliona cha moto.

Kurudi kuna jambo jingine, Heathrow yenyewe. Mkifika karibu na London na foleni ipo mtazungushwa angani. Kuna sehemu nne ndege zinazungushiwa zikisubiri zamu, Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin, zinapangwa moja juu ya nyingine kama sahani, ya chini ikiitwa nyingine zinashuka ngazi moja. Dakika kumi za kuzunguka ni kawaida sana, mtoto atakuuliza mbona tunaona uwanja ule ule mara tatu, mwambie tunasubiri zamu. Wapanga ratiba wanalijua hilo na wanaliweka ndani ya bloku mapema. Na niseme ukweli hata kama wenzangu watanuna, mashirika mengi yanaongeza dakika chache za ziada kwenye ratiba makusudi, kwa sababu ndege ikifika ndani ya dakika 15 za muda ulioandikwa inahesabika imefika kwa wakati. Ndo maana unasikia rubani anatangaza kwa furaha tumefika mapema dakika ishirini, watu wanapiga makofi. Mapema ya nini, ilikuwa imepangwa hivyo.

Kabla sijafika kwa kaka yako nikuambie kitu cha pesa, maana umbali huu una faida mfukoni. Kwa sheria ilivyo sasa, Uingereza na Umoja wa Ulaya, ndege ikichelewa kufika kwa masaa matatu au zaidi na kosa ni la shirika, abiria analipwa fidia na kiwango kinafuata kilomita, zile za uzi sio za barabara. Mpaka 1,500 ni kiwango cha chini, kati ya 1,500 na 3,500 ni cha kati, na wewe na 2,426 yako uko katikati pale bila ubishi, pauni 350 ukitoka London au euro 400 ukitoka Athens, kwa kila abiria, na mtoto mwenye siti yake aliyelipiwa naye ni abiria. Dhoruba au mgomo wa waongoza ndege havihesabiki maana sio kosa la shirika. Na kufika maana yake sio tairi kugusa lami, mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba ni pale mlango hata mmoja wa ndege unapofunguliwa abiria waweze kutoka. Kwahiyo ikichelewa kama masaa matatu hivi, mlango ukifunguka piga picha ya saa ya simu yako, hiyo dakika moja inaweza kuwa pauni mia tatu na hamsini.

Na mtoto wa miaka 9 kwa siti za kawaida hatozwi ile kodi ya abiria ya Uingereza, msamaha ni kwa walio chini ya miaka 16. Kodi hiyo nayo inapangwa kwa umbali kutoka London mpaka mji mkuu wa nchi unayokwenda, Ugiriki iko kwenye fungu la bei ndogo, mpaka maili 2,000, wakati sisi wa Dar na Nairobi tumeangukia fungu la juu yake na ndo moja ya sababu tiketi za nyumbani zinauma. Angalia mchanganuo wa risiti yako uone kama mtoto kaandikwa kwa umri sahihi, nimeona mtu kamwandika mtoto wake kama mtu mzima kwa kubofya haraka haraka.

Sasa kaka yako na saa nane yake.

Hii saa nane dada ndo inanitisha kuliko kilomita zote. Amesema kwa voisi, kwa Kiswahili, saa nane, maana yake 14:00. Tiketi yako inaandika 13:55, saa nane kasoro dakika tano. Kwahiyo wakati yeye anasimama getini bandarini ndege yako ndo kwanza inawekewa vizuizi vya matairi. Au kaishi na Wagiriki na Wafilipino melini miaka yote hii akasema saa nane akimaanisha 8:00 ile ya asubuhi? Watu wanaoishi na lugha mbili wanateleza sana hapo. Mimi mwenyewe nimewahi kumkosesha mzee mmoja ndege, niko dawatini naangalia skrini imeandika 08:00, nikamwambia mzee safari yako saa nane, nilisoma namba badala ya kutafsiri, mzee wa watu kaja na shuka lake na dumu la asali saa saba mchana, kawahi kabisa, ndege imeshafika inakokwenda. Nilimbadilishia tiketi kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo kila nikiandika muda naandika namba zote mbili na naongeza asubuhi au mchana, na wewe fanya hivyo.

Tuhesabu ukifika. Mlango unafunguka 13:55 au saa nane kamili. Uingereza haiko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, kwahiyo lazima mpite pasipoti, na tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha za wageni badala ya kugonga muhuri, foleni zinaweza kuwa ndefu, weka dakika arobaini mpaka saa nzima. (Kama mnasafiri na pasipoti ya Tanzania au Kenya hakikisha mna viza ya Schengen, kibali chako cha kuishi Uingereza hakikupitishi Ugiriki, nimeona watu wanarudishwa kaunta wakilia.) Begi kama mmepeleka chini, dakika ishirini, nyingine inapita wakati mko kwenye foleni. Alafu treni ya metro laini ya 3, ile ya bluu, zamani ilikuwa inabidi ubadilishe katikati ya mji ila tangu 2022 inakwenda moja kwa moja mpaka Piraeus, kama saa moja hivi, lakini kutoka uwanjani inapita kama kila nusu saa sio kila dakika tano, ukiikosa unakaa. Kuna basi pia X96, linatembea usiku na mchana mpaka Piraeus na nauli yake ni ndogo kuliko ya treni, ila linategemea foleni ya barabara. Jumlisha yote, Piraeus mtatokea saa kumi, kumi na nusu jioni. Na bandari ile ni kubwa, ina mageti mengi, meli za abiria za visiwani ziko upande mmoja na za kontena ziko kwingine kabisa mbali kidogo, kwahiyo muulize yuko geti gani kabla hamjapanda ndege, asikwambie tu "bandarini".

Na usisahau upande wa asubuhi. Ndege ya 08:10 maana yake saa mbili na dakika kumi asubuhi, geti linafungwa kabla ya hapo, mabegi yanaacha kupokelewa kama saa nzima kabla, kwahiyo saa kumi na mbili kamili uwe umeingia Heathrow na mtoto. Kutoka Barking hiyo ni kuamka saa tisa usiku. Sasa hesabu mlango kwa mlango, kutoka saa tisa usiku ya London mpaka kumi na nusu jioni ya Athens, kwenye saa ya ukutani ni masaa 13 na nusu, toa mawili, 11 na nusu. Kwa safari ambayo Google imekwambia 2 na dakika 50.

Kurudi Jumatatu. Ya 14:40 inataka muwe uwanjani saa sita mchana, pasipoti ya kutoka nayo ina foleni yake, kwahiyo muageni baharia wenu Piraeus saa nne na nusu asubuhi, isizidi. Heathrow mtagusa geti 16:45, saa kumi na moja kasoro robo jioni, pasipoti na begi mpaka kumi na moja na nusu, panda treni ya Elizabeth line mpaka Whitechapel, badilisha hapo kwenda Barking, nyumbani saa moja jioni. Kubadilisha nguo, kumpeleka mtoto kwa anayelala naye, shifti saa mbili usiku. Inawezekana, kwenye karatasi. Lakini umeshaona karatasi ilivyo, mkizungushwa Lambourne dakika ishirini na foleni ya pasipoti ikawa mbaya, umechelewa, na saa ya mwili wako itakuwa inasoma saa nne usiku ndo kwanza unaanza kazi mpaka asubuhi. Kama kuna mwenzako anaweza kukushikia hata masaa mawili ya mwanzo mwombe sasa hivi, usisubiri wiki ya safari.

Kwa kaka, mpigie leo leo usimtumie voisi, mwambie saa kumi na nusu jioni, 16:30, saa za Athens, na arudie mwenyewe kwa mdomo wake usikie. Akisema "sawa, saa nne na nusu", dada, anza upya.